SOMO LA MWEZI: KUMTAFUTA NA KUMPIMA FUNDI WA BAISKELI MJINI



Katika vyama vyetu vingi vya msingi baiskeli ni chombo cha kazi, sawa na mizani na daftari la mapokezi. Karani wa mizani huipanda kwenda kituo cha kununulia mazao. Mjumbe hupelekea barua za mkutano. Mfugaji hufunga madumu ya maziwa kwenye keria kabla jua halijachomoza. Baiskeli ikilala siku moja, kazi ya siku hiyo hulala nayo. Hata hivyo chombo hiki hutengenezwa kwa bahati nasibu. Mtu hufika mjini, humwachia baiskeli yule wa kwanza aliyeketi chini ya mti akiwa na pampu, kisha huenda zake sokoni. Jioni hulipa na kurudi kijijini, asijue nani aliishika wala nini kilifanyika.

Baada ya kulisoma somo hili, katibu wa chama ataweza:

(a) kueleza tofauti ya kazi za mafundi watatu wa baiskeli;
(b) kuwatafuta mafundi hao katika mji asioujua sana;
(c) kuipima kazi yao kwa macho, kwa sikio na kwa uzi;
(d) kuandika mapatano na kumbukumbu zitakazolinda fedha za wanachama.

Mji tutakaoutumia kwa mfano ni Mwanza, kwa kuwa vyama vingi vya wakulima wa pamba vya Magu, Misungwi na Kwimba hutegemea mji huo kwa vipuri na ufundi. Lakini kanuni tutakazozitaja zinafaa Shinyanga, Tabora, Dodoma, au mji wowote wenye soko na wachukuzi wa mizigo.

1. KWA NINI CHAMA KIJALI JAMBO HILI

Nilipokuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha wakulima wa pamba, nilielezwa habari ya karani wa mizani aliyevunjika mtulinga katikati ya msimu wa ununuzi. Foki ya baiskeli ya chama ilikuwa imeonyesha ufa. Ikapelekwa mjini, ikachomelewa, ikapakwa rangi nyeusi ikang'aa kama mpya. Wiki tatu baadaye, karani akiteremka kilima, foki ikakatika palepale ilipochomelewa. Kwa siku mbili wakulima walikaa na pamba yao kituoni, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyeruhusiwa kupima.

Mkutano ulipoitwa, wanachama waliuliza swali la haki: ni nani aliyeifanya kazi ile? Hati ya malipo ilikuwapo. Ilikuwa na sahihi mbili, na jumla yake ilikuwa sahihi kabisa. Imeandikwa maneno matatu tu: "Matengenezo ya baiskeli." Katibu alikuwa ameiacha baiskeli kwenye duka la vipuri. Mwenye duka alimpa kijana wa kazi, na kijana akaipeleka kwa mchomeleaji wa mageti asiyemjua kwa jina. Fedha zilikuwa na maandishi. Kazi haikuwa nayo.

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Kumpata fundi mwema maana yake ni kuijua mikono iliyoifanya kazi, na kuweza kuirudia mikono hiyo, kwa shukrani au kwa madai. Kibao kizuri hakitoshi, wala bei ndogo haitoshi.

2. MAFUNDI WATATU, KAZI TATU

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani kwamba fundi wa baiskeli ni mmoja. Kwa kweli kazi hizi ni tatu, na ni nadra mtu mmoja kuziweza zote kwa ubora ulio sawa.

Wa kwanza ni mwenye duka la vipuri. Yeye huuza tairi, mpira wa ndani, mnyororo, gololi, spoki na vinginevyo. Thamani yake ni kujua vipimo na kusema kweli juu ya ubora wa bidhaa yake. Wengine wana fundi wa kuziba pancha na kubadili breki mlangoni.

Wa pili ni msuka magurudumu. Huyu huunganisha habu, spoki na ringi viwe gurudumu moja, na hulinyoosha lisiyumbe. Ni kazi ya subira na ya sikio jema. Baiskeli inayobeba mizigo humhitaji huyu kuliko mwingine yeyote.

Wa tatu ni fundi wa fremu. Huyu hulehemu fremu iliyokatika, huongeza vyuma vya kuimarisha keria, hutengeneza matela ya kukokotwa na baiskeli za magurudumu matatu kwa wenye ulemavu. Mara nyingi hana duka la baiskeli. Humkuta mtu kwenye karakana ya vyuma.

Hivyo basi, kabla ya kwenda mjini katibu ajiulize: ugonjwa wa baiskeli hii ni wa fundi yupi? Gurudumu lisipelekwe kwa mchomeleaji, wala foki isipelekwe kwa mziba pancha.

3. MAHALI PA KUTAFUTA

Usianze kwa kutazama vibao. Anza kwa kuwatazama watu ambao chakula chao cha jioni hutegemea baiskeli. Hao ni wachukuzi wa mkaa, wauza maji, wauza maziwa, wapeleka mikate, na wale wanaobeba abiria. Mtu anayebeba magunia mawili ya mkaa kila siku hawezi kumvumilia fundi mbaya kwa mwezi mzima. Ameshamjaribu, ameshamwacha, na ameshampata mwingine.

Simama asubuhi kwenye lango la soko au njia ya kuingilia mjini. Waulize wachukuzi watatu wasiofahamiana. Wala usiwaulize "Fundi gani ni mzuri?", maana kila mtu atamtaja rafiki yake. Uliza hivi: "Ndugu yangu, gurudumu hili la nyuma lilisukwa lini, na nani alilisuka? Tangu siku hiyo spoki ngapi zimekatika?" Jibu la swali hilo ni ushahidi. Majibu mawili kati ya matatu yakikuelekeza kwa mtu mmoja, mwendee.

Katika Mwanza, mwenye kutafuta ufundi wa vyuma na mabati hufika mapema Makoroboi, mahali palipopata jina lake kutokana na taa za koroboi zilizotengenezwa kwa makopo na mabati. Jina hilo lenyewe latukumbusha kwamba ufundi wa mji hukaa mahali pamoja kwa miaka mingi, na mafundi wa mahali pamoja hujuana. Ukimpata mmoja mwaminifu, muulize: "Wewe mwenyewe gurudumu lako likivunjika unalipeleka kwa nani?" Fundi mwema hutaja jina bila kusita.

Kwa fundi wa fremu, waulizwe pia watu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani, pamoja na walimu wa vyuo vya VETA. Hao huwafahamu wachomeleaji waliofundishwa, na hujua nani ana mtungi wa gesi na nani ana mashine ya umeme peke yake. Faida ya kujua hilo tutaiona katika sehemu ya tano.

Ukifika kwa fundi usimdharau kwa sababu ya mti anaokaa chini yake. Tazama vifaa vyake. Je, ana spana ya nati za spoki inayoshika sawasawa, au anatumia koleo linalozila nati? Je, ana spana nyembamba za koni? Akitaka kutoa kotapini, je, anaweka chuma cha kuegemea chini ya mkono wa pedali kabla ya kupiga nyundo, au anapiga tu, na kila pigo likaingia kwenye gololi? Je, anaosha gololi kwa mafuta ya taa kabla ya kutia grisi mpya, au anapaka grisi mpya juu ya mchanga wa zamani? Kaa nusu saa ukiangalia akitengeneza ya mwenzako. Nusu saa hiyo haina malipo, nayo itakufundisha mengi.

4. KULIPIMA GURUDUMU

Baiskeli kubwa za inchi 28, kama zile za Raleigh za Uingereza, Phoenix za China, Hero na Avon za India, na Swala zilizokuwa zikitengenezwa hapa nchini, kwa kawaida huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Gurudumu la nyuma limepewa spoki nyingi kwa sababu hubeba sehemu kubwa ya uzito, na pia huvutwa na mnyororo.

Yafaa kila mwanachama aelewe kwa nini spoki hukatika. Spoki haikai kama nguzo ya nyumba. Hukaa kama kamba iliyovutwa. Mzigo ukikaa juu ya gurudumu, spoki zilizo chini, karibu na ardhi, hulegea kidogo. Zikizunguka kwenda juu hukaza tena. Gurudumu la inchi 28 huzunguka mara 450 hivi katika kilomita moja. Karani anayekwenda na kurudi kilomita 20 kwa siku huzikaza na kuzilegeza spoki zake mara 9,000, na kwa siku sita za kazi mara 54,000. Spoki iliyokazwa vizuri huvumilia mchezo huo kwa miaka. Spoki iliyolegea hupindwa huku na huko pale kwenye kona yake ndani ya habu, mpaka chuma kinachoka na kukatika. Basi spoki inayokatika kila wiki, mara nyingi si kwa sababu ni nyembamba, bali kwa sababu ilisukwa ikalegea.

Ukikabidhiwa gurudumu, lipime hivi kabla ya kulipa:

(a) Kwa macho. Pindua baiskeli, shika kipande cha chaki kwenye foki karibu na ringi, kisha zungusha gurudumu polepole. Ringi jipya lililosukwa vizuri haliyumbi zaidi ya milimita moja huku na huku. Tazama pia kama linapanda na kushuka.

(b) Kwa sikio. Gonga kila spoki kwa kucha, kama mtu anayejaribu nyuzi za zeze. Spoki za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Sauti nzito ya bubu ni spoki iliyolegea. Gurudumu la nyuma linaweza kuwa na sauti kali zaidi upande wa gia. Hilo si kosa.

(c) Kwa kiganja. Bana spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba, kuzunguka gurudumu lote. Ukisikia milio ya kukatikakatika, na baada ya hapo ringi likaanza kuyumba, ujue fundi hakuzikalisha spoki mahali pake. Fundi mwema huzibana hivyo mwenyewe, kisha hunyoosha tena.

(d) Ndani ya ringi. Kabla tairi halijavikwa, tazama ncha za spoki. Spoki ndefu mno huchomoza na kutoboa mpira wa ndani. Spoki fupi mno hushika nati kwa mizunguko michache tu, nayo itang'oka. Spoki za unene mbalimbali zisichanganywe upande mmoja.

(e) Kwenye habu. Shika tairi ulisukume kushoto na kulia. Lisiwe na mchezo. Kisha liinue na uliachie lizunguke lenyewe: sehemu iliyo nzito, kama ile yenye valvu, ishuke yenyewe mpaka chini. Lisiposhuka, koni zimekazwa mno.

Jihadhari na udanganyifu mmoja uliozoeleka. Spoki ya upande wa gia ikikatika, fundi hulazimika kuing'oa gia ya nyuma ili kupenyeza spoki mpya. Mvivu huiacha, hukaza za jirani, gurudumu likanyooka kwa siku tatu. Basi hesabu spoki zote kwa kidole. Zikiwa 39, usilipe.

Mwisho, gurudumu jipya hurudishwa kwa fundi baada ya wiki moja ya kazi ili likazwe tena. Fundi anayekuambia urudi baada ya wiki moja anaijua kazi yake. Anayesema "Hutaniona tena mwaka mzima" ana haraka na fedha yako.

5. KUIPIMA FREMU

Mabomba ya fremu ya baiskeli kubwa ni membamba. Ukuta wake ni milimita moja au mbili tu. Kiwandani yaliunganishwa kwenye viungo vyake kwa kuyeyusha shaba ya manjano, ambayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 900 hivi. Chuma cha pua chenyewe huhitaji kama nyuzi 1,500 ndipo kiyeyuke. Kwa hiyo anayelehemu kwa shaba na moto wa gesi huunganisha bomba bila kuliyeyusha. Anayechomelea kwa umeme, kwa fimbo nene ya kuchomelea mageti, aweza kulitoboa bomba, au akaacha donge zuri nje huku pembeni yake chuma kimekuwa dhaifu. Fremu nyingi zilizochomelewa hivyo hukatika tena kando ya donge.

Maswali ya kumwuliza fundi wa fremu ni manne. Utalehemu kwa kitu gani? Utakwangua rangi na kutu mpaka chuma kionekane? Utaingiza bomba dogo ndani ili kuimarisha mahali palipokatika? Utaipimaje iwapo imenyooka? Asiyekuwa na jibu la swali la nne hajawahi kupima.

Kupima kwenyewe ni rahisi, na katibu aweza kukufanya akiwa na uzi wa kushonea. Toa gurudumu la nyuma. Funga uzi kwenye mdomo wa fremu unaoshika ekseli upande wa kushoto, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudi nyuma ufunge upande wa kulia. Vuta ukaze. Sasa pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo viwe sawa. Vikitofautiana kwa milimita nyingi, fremu imepinda. Itakula tairi na mnyororo, nayo itamvuta mwendeshaji upande mmoja.

Tazama nyufa mara kwa mara, hasa chini ya bomba la usukani na kwenye midomo ya ekseli ya nyuma. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ni dalili. Nayo foki yenye ufa isilehemiwe kamwe, inunuliwe nyingine. Fremu ikikatika nyuma, mtu hukaa chini. Foki ikikatika, huanguka kwa uso. Fundi anayekataa kuchomelea foki ya chama, hata akiahidiwa fedha, mwandike jina lake katika daftari kwa wino mzuri.

6. KULIPIMA DUKA LA VIPURI

Duka jema hujulikana kwa swali linalokuuliza. Ukisema "Nataka tairi la inchi 28," mwuzaji mwema hatalichukua tairi rafuni mara moja. Atauliza: "Limeandikwaje?" Maana kuna tairi lililoandikwa 28 × 1½, na kuna jingine lililoandikwa 28 × 1⅝ × 1⅜, nayo hayaingiliani hata kidogo. La kwanza hukaa kwenye ringi la milimita 635, la pili kwenye ringi la milimita 622. Hali kadhalika tairi la inchi 26 × 1⅜ ni la ringi la milimita 590, na lile pana la baiskeli za milimani ni la milimita 559. Namba hizi huandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635. Katibu aziandike kabla hajaondoka kijijini, na hatalipa nauli mara mbili.

Gololi nazo zina vipimo. Habu ya mbele ya baiskeli kubwa hutumia gololi za inchi 3/16, na ya nyuma za inchi 1/4. Zisichanganywe mpya na kuukuu katika kikombe kimoja, kwa kuwa kubwa moja hubeba mzigo wa wenzake.

Mnyororo upimwe kwa rula. Hesabu pini 24 baada ya ile unayoanzia kupima. Mnyororo mpya hutoa inchi 12 kamili. Ukifika inchi 12 na 1/8, umekwisha. Mwenye duka mwaminifu akiupima na kuuona bado mzima atakuambia, "Rudi nao, bado una kazi." Kwa maneno hayo amepoteza mauzo ya leo, amepata mteja wa miaka kumi.

7. JARIBIO DOGO NA MAPATANO

Chama kisimpe fundi mpya baiskeli sita kwa siku moja. Kimpe gurudumu moja la nyuma, kazi iliyo wazi na inayoweza kupimwa, kisha lipite mwezi mmoja likibeba mzigo wa kawaida. Likivumilia, aongezewe.

Mapatano yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la shule. Yataje kazi itakayofanyika, vipuri vitakavyonunuliwa na nani atavinunua, bei, siku ya kukabidhi, na kwamba vipuri vya zamani vitarudishwa kwa chama. Yataje pia kwamba kazi ikiharibika ndani ya siku 30 bila ajali, fundi ataifanya upya bila malipo. Duka litoe risiti. Fundi wa chini ya mti asiye na risiti atie sahihi au dole gumba kwenye hati ya malipo, na jina lake na mahali pake pa kazi paandikwe. Tukumbuke chama cha sehemu ya kwanza: karatasi ya namna hii ingalijibu swali la mkutano kwa dakika moja.

Sasa tuitazame bei. Tuchukue mfano wa mafundi wawili. Bei hizi ni za mfano tu. Fundi wa kwanza husuka gurudumu kwa shilingi 8,000, lakini kila baada ya siku 20 spoki hukatika na huhitaji shilingi 3,000. Katika siku 160 utamrudia mara 8. Fundi wa pili hutoza shilingi 20,000, na hukaza tena mara mbili kwa shilingi 2,000 kila mara.

Fundi wa kwanza: 8,000 + (8 × 3,000) = shilingi 32,000, na safari 8 za mjini.
Fundi wa pili: 20,000 + (2 × 2,000) = shilingi 24,000, na safari 2 za mjini.

Yule wa bei ndogo amekula shilingi 8,000 zaidi, bila kuhesabu siku sita za kazi ya karani zilizopotea njiani. Kamati inayochagua bei ya chini kwa kuitazama siku ya kwanza tu haijabana matumizi ya chama.

8. DAFTARI LA BAISKELI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila baiskeli ya chama ifunguliwe ukurasa wake. Juu ya ukurasa iandikwe namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya kikombe cha pedali au kwenye bomba la kiti, pamoja na ukubwa wa tairi na idadi ya spoki. Chini yake ziwekwe safu sita: tarehe; ubovu; jina la fundi; kazi iliyofanyika; fedha iliyolipwa; tarehe ubovu uleule uliporudi.

Safu ya sita ndiyo yenye hekima yote. Baada ya mwaka mmoja, daftari litasema lenyewe ni fundi yupi mwema, bila ugomvi na bila upendeleo. Hapo hata katibu ambaye fundi ni shemeji yake atakuwa na neno la kumwambia nyumbani kwa heshima: "Shemeji, si mimi, ni daftari."

Nasema hili kwa sababu upendeleo ni ugonjwa wa kweli katika jambo hili. Kazi ya chama kupewa ndugu wa kiongozi si kosa kwa yenyewe, iwapo ndugu huyo ni fundi na daftari linathibitisha. Ni kosa pale ambapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza.

Na sisi wateja tuna wajibu wetu. Fundi wa chini ya mti hana mtaji. Akikaa wiki tatu akingoja sahihi ya pili kwenye hati yake ya malipo, spoki za kazi ijayo atazinunua kwa mkopo wa riba, au atanunua zilizo hafifu. Kamati ilipe siku ileile kazi ilipopimwa na kukubaliwa. Vyama vitatu au vinne vya jirani vyaweza pia kupatana na msuka magurudumu mmoja awe akija siku moja ya mnada kila mwezi, kila chama kikileta magurudumu yake. Fundi atapata kazi ya uhakika, vyama vitapunguza nauli, na vijana wa kijiji watapata wa kujifunza kwake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA CHAMA

1. Chama chetu kina baiskeli ngapi? Nani alizitengeneza mara ya mwisho, na tunajuaje?
2. Hesabuni spoki za baiskeli moja hapa mkutanoni, kisha zigongeni. Ngapi zimelegea?
3. Taja kazi ya kila mmoja wa mafundi watatu. Ni yupi ambaye chama chetu hakina?
4. Tazameni hati za malipo za mwaka uliopita zilizoandikwa "Matengenezo ya baiskeli". Jumla yake ni shilingi ngapi, na ngapi kati yake zina jina la fundi?
5. Foki ya baiskeli ya karani ina ufa, na msimu wa ununuzi unaanza kesho. Fedha ya foki mpya haimo katika makadirio. Kamati ifanye nini, na nani awajibike kwa uamuzi huo?

Katibu ayaandike majibu ya swali la nne na la tano katika kumbukumbu za mkutano, ili mkaguzi atakapofika ayakute.